Udongo wa Kichuguu

Kijijini Zuzu

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifika, marahaba. Huku shambani uwele umekubali, na mjomba wako anayekuletea barua hii amepata binti wa pili.

Umeuliza kama uniletee fundi apige lipu ya saruji kwenye ule ukuta wa jikoni wenye ufa. Kosa hilo nimeshalifanya mimi.

Babu yako na mimi tulipolichukua gofu hili la mawe, serikali ilikuwa imefungulia biashara na saruji imejaa madukani. Chakula tulilima wenyewe, mboga tulichuma porini, kwa hiyo tuliuza mbuzi wote tukanunua mifuko. Nikapiga lipu kwa mkono wangu, nikaringa. Mama mkwe wangu akaja, akagusa, akasema, "Umeuziba pumzi huu ukuta." Nikamwona mshamba.

Mvua zilipokwisha, unyevu ulikosa pa kutokea. Lipu ikabanduka kama magamba, ikang'oka na mawe.

Nilimwendea mama mkwe kichwa chini. Hakunicheka, alinipa jembe. Tukachimba kichuguu, tukaloweka udongo siku nne, tukaukanyaga na samadi ya ng'ombe. "Mawe haya yalijengwa kwa udongo," akaniambia. "Yape yanachokijua."

Ukuta tuliousiriba siku ile ni wa chumba ulichozaliwa. Haujadondosha hata kokoto.

Basi fundi mwache huko huko. Njoo wewe, na miguu yako. Udongo nimeuloweka leo asubuhi; una siku nne za kufika.

Bibi yako