Nyanya za Lushoto, Kiwangwa

Jumanne, 11 Machi
Nimemwagilia kitalu kabla ya kwenda shule. Mbegu zimeota, miche thelathini na mmoja. Hapa Kiwangwa hakuna anayesia nyanya mwezi huu, wanangoja kipupwe. Mimi sina muda wa kungoja. Mama hali chochote ila uji, na daktari ameturudisha nyumbani. Anachotaka ni nyanya zake za Lushoto, zile ndogo chachu. Mbegu alishuka nazo mwenyewe kutoka milimani, zimekaukia kwenye kipande cha gazeti. Nimezisia zote.

Alhamisi, 13 Machi
Nimempikia za sokoni tena. Katema. Maji matupu, anasema. Nilikasirika. Kisha nikaona aibu.

Jumamosi, 15 Machi
Mama kauliza miche ina majani mangapi. Mawili. Kaagiza niondoe makuti ya kivuli leo hii.
"Mche uliodekezwa hausimami, mwanangu."
Kwetu milimani ndivyo tufanyavyo, baridi isije ikaiozesha. Mama Zuhura, jirani, aliyezaliwa akalimia hapahapa, kaniona nakusanya makuti, akaja mbio.
"Mwalimu, hili jua la huku hulijui? Rudisha hayo!"
Nilijua kasema kweli. Nimeyaondoa. Mama alikuwa ananitazama dirishani. Darasani nawaambia watoto wa watu watumie akili zao. Mbele ya mama yangu sina akili.

Jumapili, 16 Machi
Nimetoka kanisani saa saba. Miche imelala chini kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Nimerudisha makuti, nimechelewa. Mama kauliza. Nimesema inaendelea vizuri. Nimemdanganya, tena Jumapili.

Alhamisi, 10 Aprili
Imepona minne. Nimeihamishia nyuma ya jiko. Mama Zuhura kaleta samadi ya mbuzi, kaiweka, kaondoka bila neno. Heri angenisema.

Jumatano, 14 Mei
Mvua haikati. Ukungu umeua miwili, wa tatu umegeuka njano. Maua yanapukutika. Mama hawezi tena kukaa. Jana kaniita kwa jina la dada yake, marehemu. Nyanya hajazisahau. Kila asubuhi anauliza, kila asubuhi nasema bado kidogo. Nimechoka. Nimechoka naye, niandike ukweli.

Ijumaa, 6 Juni
Imeshika moja. Mche mmoja, nyanya moja, kijani. Asubuhi sasa kuna kiubaridi, wenzangu ndio kwanza wanasia, na zao zitazaa. Nimeifunika kwa kipande cha chandarua, kuku wasiione. Namwomba Mungu wiki mbili tu. Sioni kama atanipa.

Jumatatu, 23 Juni
Imeiva. Nimeikata vipande vinne, chumvi kidogo, kama alivyokuwa akitukatia sisi. Nimeonja kimoja kwanza. Ni yenyewe. Uchachu uleule. Nimelia jikoni, nikanawa uso, nikampelekea.

Katafuna polepole. Kisha akatema kiganjani mwangu.
"Hizi za sokoni, mwanangu. Zangu lini?"
"Bado kidogo, Mama."

Sijui ni udongo wa huku au ni ulimi wake. Nadhani ni ulimi. Nimekaa naye mpaka akasinzia. Vipande viwili vilivyobaki sikuweza kuvila. Nimetoa mbegu zake, nimezibandika kwenye gazeti, nimeliweka dirishani zikauke.