Kimya cha Sauti ya Pili

Tezo, Kilifi
Februari, 1986

Dada yangu Damari,

Shikamoo. Naitanguliza shikamoo kama tulivyofundishwa, kwa kuwa hata nikiwa na mvi zote hizi, wewe ndiye uliyetangulia kuzaliwa, na hilo halina marekebisho. U hali gani? Baridi ya huko milimani imeuacha mgongo wako, au bado imeushika? Mwanao Tito na mkewe hawajambo? Wajukuu wanasoma, au wanacheza tu? Sisi huku tu wazima, ila jua limetuelemea. Vuli imepita bila mvua ya maana, mahindi yamekaukia magotini, na mikorosho imetoa maua mengi na korosho chache. Mke wangu aliugua homa akalala kitandani siku nyingi. Sasa ameanza tena kunigombeza kwa viatu vyangu vyenye mchanga, nami nimejua kwamba amepona.

Baada ya hayo, nalijibu swali lako. Katika barua ya mwisho uliyomwambia Tito akuandikie, uliniuliza: "Ndugu yangu, niambie kweli. Wimbo ule wa baba ulikuwepo, au ni uzee umeanza kunichezea?" Tito naye akaongeza chini kwamba watoto wanakuita Bibi So, kwa sababu huimba noti ile ile moja ya so jikoni mchana kutwa, wimbo usio na mwanzo wala mwisho. Aliuliza, kwa adabu, kama haifai upelekwe kwa daktari.

Dada, ulikuwepo. Wimbo ulikuwepo, upo, na umeimbwa. Akili yako haina kasoro yoyote. Tito asiruke mstari hata mmoja anapokusomea, maana nitayaeleza mambo haya kwa utaratibu, tena kwa ajili yake yeye ambaye hakumwona babu yake.

Wewe Tito, baba yetu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni. Padri Mjerumani alimfundisha wimbo mmoja mrefu wa Pasaka, wa sauti nne. Alimwambia kwamba huko Ujerumani ulitungwa enzi za mababu wa mababu zake, na kwamba hata kwao walikuwa wamekwisha kuusahau. Baba akautia maneno ya Kiswahili, akatufundisha kwa do, re, mi ubaoni. Vita vilipokuja padri akaondoka, baba naye akafariki, kwaya ikatawanyika. Mimi nikavuka mpaka, nikaja huku pwani kufundisha Kiswahili, nikaoa, nikastaafu. Nikabaki na wimbo kichwani, lakini haukuwa mzima. Nikiwa mtoto niliimba sauti ya kwanza, na sauti yangu ilipokuwa nzito nikahamishiwa ya nne. Ya tatu niliikariri kwa kusimama bega kwa bega na marehemu kaka Elia, ambaye hakuwa akiimba bali akipiga tarumbeta kwa koo lake sikioni mwangu. Ya pili ilikuwa yako, dada, na ya pili ndiyo niliyokuwa sina.

Kwa hiyo mpaka wa nchi zetu ulipofunguliwa tena na barua zikaanza kwenda upesi, nilikuomba sauti yako, nawe ukanitumia yote kwa noti. Watu hawajui sauti ya pili ni kitu gani. Ukiisikia peke yake si wimbo: ni so, so, so, kisha fa kidogo, kisha so tena. Wajukuu wanacheka kwa sababu wameonyeshwa uzi mmoja, hawajaonyeshwa leso.

Niliupeleka wimbo kwa kwaya ya kanisa letu hapa Tezo. Haikuwa kazi nyepesi. Vijana wa siku hizi wanapenda magitaa ya umeme na kurusha miguu. Kiongozi wao ni Kazungu, mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya Malindi, kijana mwenye sauti nzuri na ulimi usio na breki. Siku ya kwanza aliusikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Mwalimu, huu ni wa Pasaka au wa mazishi? Maana mimi nimeanza kumhurumia marehemu."

"Marehemu amefufuka," nikamwambia. "Rudia mstari wa tatu."

Hapo kwenye mstari wa tatu, unakumbuka, ndipo penye maneno "Na tu hai." Kila walipofika waliimba "Na tuko hai". Nikawasimamisha. Nikawaeleza kwamba "tu hai" ni Kiswahili kamili, kwamba wazee wa Malindi na Mambrui hata leo wanasema "tu wazima", na kwamba "ko" hiyo waliyoichomeka haina noti ya kukalia.

"Lakini Mwalimu," akasema Kazungu, "hapa Tezo hata wafu wanasema tuko."

Walicheka wote, nami nikawarudisha mstari wa tatu hadi "ko" ikatoka kama mwiba.

Ilipotoka, bado pakawa na tatizo. Hapo hapo, kwenye "Na tu hai", sauti zilikuwa zikigongana. Kazungu akasema pana kokoto kwenye wali, na alisema kweli. Sikuweza kujua ni nani anayekosea. Nikawalaumu wanawake wa sauti ya pili, ambao kiongozi wao ni Mama Sidi, mwuza samaki wa kukaanga, mwenye sauti ya kumwita mtu kutoka ng'ambo ya pili ya mto. Nikawafundisha peke yao mara nyingi, hata wakaanza kunikimbia wakiniona barabarani.

Hatimaye nikaitwaa tena barua yako. "Na tu hai" ni silabi nne. Wewe hapo ulikuwa umeandika so tatu tu. Mimi nilipokuwa nikiinakili kwa ajili ya kwaya nilidhani umesahau moja, nikakuongezea. Nilikusahihisha, dada, kama nilivyozoea kusahihisha daftari za watoto. Na pembeni ya so zile tatu ulikuwa umemwambia Tito aandike hivi: "Hapa baba alikuwa akituinulia kidole." Nami nilikuwa nimeyapita maneno hayo, nikidhani ni kumbukumbu tu ya mtu aliyemkumbuka baba yake.

Kidole kile! Mara moja nikamwona amesimama mbele ya ubao, chaki imemwingia kwenye nyusi, amewainulia ninyi wasichana wa sauti ya pili kidole kimoja. Alikuwa anawaambia: bado. Sauti ya pili hainyamazi mahali pengine popote katika wimbo ule, ila hapo. Wengine watatu wanaimba "Na", ninyi mmenyamaza, kisha wote wanne mnaimba "tu hai". Hukusahau noti. Ulikuwa umeandika kimya.

Jioni ya mazoezi nikamwendea Mama Sidi. "Kwenye 'Na'," nikamwambia, "wewe na wenzako msiimbe."

"Nisiimbe?" Akashika kiuno. "Mwalimu, umenitoa kwenye karai langu la samaki uje unifundishe kunyamaza? Mume wangu ameutafuta ujuzi huo tangu anioe!"

"Auazime kwangu basi. Mimi nitainua kidole. Kikiwa juu, kimya. Kikishuka, ingia."

Tukaimba. Nikainua kidole. "Na" ikasimama kwa miguu mitatu, ikayumba. Nikashusha kidole, so yako ikaingia, na "tu hai" ikafunguka kama dirisha. Mama Sidi alikuwa kama mtu aliyesikia habari njema akiwa jikoni, akaja mbio mikono ikiwa na unga. Kazungu mwenyewe akaomba turudie mstari wa tatu, na hiyo peke yake ni habari ya kuandikiwa watu wa mbali.

Tuliuimba Pasaka ya mwaka jana. Wazee walisimama bila kuambiwa. Sikukuandikia upesi kwa sababu nilikuwa na jambo jingine la kuhakikisha, na mimi sipendi kuandika nisiloliweza kulithibitisha.

Kazungu aliendelea kuuimba wimbo hata kazini, kwa kupiga mluzi huku akitandika meza. Siku moja mgeni wa Kijerumani, mama mtu mzima, akaweka kijiko chini akamwuliza ameutoa wapi muziki ule. Jumapili iliyofuata Kazungu akaja kwangu amenyoosha shati. "Mwalimu," akasema, "wewe ulisema wimbo ni wa Kijerumani. Nimekuletea Mjerumani."

Anaitwa Bibi Gerda, naye hufundisha kwaya ya kanisa kwao. Akatusikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Akasema kwa kinywa cha Kazungu, ambaye amejifunza Kijerumani mezani, kwamba ndivyo walivyotunga watu wa kwao miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, lakini wimbo wenyewe haujui. Akaandika sauti ya kwanza, akaondoka. Nikadhani yameishia hapo.

Mwezi uliopita alirudi kwa likizo yake. Alishuka garini akipunga karatasi, akaniambia kwa Kiswahili cha ufukweni, "Mwalimu! Mimi iko na karatasi!"

"Nina karatasi," nikamwambia.

"Wewe pia?" akasema.

Kazungu alicheka hadi akaegemea ukuta. Tulipotulia, Bibi Gerda akaeleza. Alikuwa ameutafuta wimbo makanisani kwa miezi mingi. Akaukuta katika kanisa dogo la kijijini, kwenye sanduku la vitambaa vya zamani vya madhabahu. Ni sauti ya kwanza na ya nne tu. Za katikati zimepotea, na kwao hakuna mtu aliye hai anayezijua. Mtunzi hakuandika jina. Chini ya karatasi pameandikwa tu kwamba ni kazi ya mwalimu wa shule ya kijiji hicho. Mwalimu wa shule, dada! Nilitoka nje kidogo, nikasingizia vumbi.

Kisha tukaimba pamoja, yeye kwa Kijerumani kutoka kwenye karatasi, sisi kwa Kiswahili cha baba. Mstari wa tatu kwao ni "Und wir leben". Uhesabu: silabi nne, na mkazo umekaa pale pale tunapoukaza sisi. Baba alipima kila silabi kama fundi cherehani. "Tuko hai" isingeingia hata kwa kusukumwa. Nilimtazama Kazungu, naye akatazama dari.

Lakini hilo silo nililotaka kukuambia. Tulipofika kwenye "Na", niliinua kidole, Mama Sidi na wenzake wakanyamaza, wakaingia. Bibi Gerda akaacha kuimba. Akaishusha karatasi yake, akamwambia Kazungu maneno mengi upesi upesi.

"Mwalimu," akasema Kazungu, na safari hii hakuwa na mzaha, "anauliza ni nani aliyejua kwamba hapo pana kimya, maana karatasi yake haisemi. Nimwambie nani?"

"Mwambie dada yangu," nikasema.

Ameinakili sauti yako yote, na ya kaka Elia pia. Pasaka hii wimbo utaimbwa katika kanisa lile dogo ulikotungwa, kwa mara ya kwanza tangu ulipopotea. Aliuliza aandike nini juu ya sauti ya pili. Nikamwandikia mwenyewe, kwa herufi kubwa, asije akakosea: DAMARI, BINTI WA MWALIMU.

Sasa Tito awaite watoto wote. Awaambie kwamba Bibi So hakuwa na wazimu. Alikuwa akingoja wenzake watatu. Mkamwana asikupeleke kwa daktari, akupeleke kanisani. Msalimie sana, kwani najua huwakemea watoto wanaokucheka. Nisalimie shemeji mjane wa Elia, umwambie tarumbeta ya mumewe imefika Ulaya. Mke wangu anakuamkia, na Mama Sidi ambaye hujamwona anakuita wifi.

Asubuhi ya Pasaka, baada ya mahubiri, sisi tutakuwa tumesimama hapa Tezo, na Bibi Gerda na watu wake watakuwa wamesimama kwao. Wewe kaa hapo jikoni ulipozoea, mlango ukiwa wazi. Ukifika mstari wa tatu, tuachie sisi "Na". Baba ameinua kidole.

Kisha ingia.

Mimi mdogo wako,
Zakayo