Mwanangu Amebariki Bukari kwa Kiebrania

Mpendwa Bi Zuhura, naomba msaada wako maana nimechoka kulia peke yangu, mimi ni Mkongomani, naishi ugenini, mtaa wa Berea, nafanya usafi katika sinagogi moja ambako alasiri watoto wa Kiyahudi huja kujifunza dini yao, na wapo wanaochelewa kuelewa na wasioweza kutulia, kila mmoja na kijana wa miaka kumi na tano au sita wa kumsaidia kando yake, nami huacha deki nikawatazama.

Mwanangu Exaucé ana miaka tisa, hasemi, hajawahi kuniita mama, shule zimemkataa, kwa hiyo nilikuwa naenda naye kazini, mwalimu akaniruhusu nimkalishe nyuma ya darasa, na msichana mmoja wa wale wasaidizi, Shira, akahamia kando yake. Akimwuliza kitu mimi narukia kujibu, mazoea, naye akaniambia kwa upole nisimjibie, tumngoje, akawa anahesabu vidole chini ya meza mpaka kumi ndipo amsaidie. Miezi minne hivyo.

Mwezi uliopita niliweka mezani bukari, ugali wetu wa Kongo, Exaucé akaigusa, akatamka kwa Kiebrania baraka ambayo watoto wale huisoma kabla ya kula mkate, yote mpaka mwisho. Nikalia kwa furaha, lakini mume wangu Alexis, ambaye ni shemasi, akasukuma sahani. "Mutoto wangu anasali mu luga ya nani? Usimupeleke tena kule."

Sasa Exaucé anabaki kwa jirani na amenyamaza tena. Kanisani kwetu darasa la watoto humtoa nje baada ya wimbo wa kwanza, nami ndiye hunyanyuka nikakae naye. Naitamani ile sauti, Bi Zuhura, hata isiponiita mimi. Je, nimdanganye baba yake kwamba nampeleka kliniki?

Mama Exaucé

Mama Exaucé, pole, na hongera pia. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na mtoto huyo akifungua mdomo tena atakuumbua wewe kwanza. Kliniki nenda kweli, uulize mtaalamu wa usemi.

Mumeo hajakosea kutaka mwanawe asali kwa imani ya nyumbani. Amekosea kudhani kuna mtu aliyemgeuza dini, wakati kuna msichana tu aliyekaa na kungoja. Nawe sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: sisemi ndiyo sababu hasemi, ila miaka tisa unamjibia, nafasi angeipata wapi?

Mwombe mwalimu ruhusa, Alexis aende akaketi darasani alasiri moja, aone mwenyewe. Kisha tafuta vijana wawili wa kwaya yenu wenye subira, Shira awaonyeshe anavyofanya. Jumapili Exaucé aingie darasa la kanisa lenu na mmoja wao kando yake.

Wakimtoa tena, wewe usinyanyuke. Shemasi ndiye atoke naye, akae naye huko nje mpaka ibada iishe.