Kisiki cha Mkahawa

Baba,

Samaki wako wamekufa, wote, na mimi ndiye niliyewaua. Nimezunguka na maneno haya hapa Ruiru kama mwizi wa kuku. Afadhali niyateme kabla Mama hajakufikishia kwa maombi.

Tangu tukuzike, Mama alikuwa akiwalisha kabla hata ya kuinjika chai. Redio yako hataki iwashwe, lakini wale samaki wa dhahabu walikuwa wakimwona tu, wanakimbilia kioo cha tangi. "Hawa ndio wananiamsha siku hizi," aliniambia. Kile kigogo chako cha mpera cha kupambia tangi kilikuwa kimeoza majini, nikataka kuweka kingine, kitu cha kukukumbuka.

Nikaenda Thika, kwenye lile shamba la kahawa ulilofanyia kazi tangu sijazaliwa. Hulijui tena, Baba. Wanang'oa mikahawa wakate ploti, na visiki vimelundikwa kando ya barabara kama kuni za matanga. Nikachagua kimoja chenye mizizi iliyojipinda vizuri. Nikajiambia, mkahawa huu labda Baba aliushika kwa mkono wake.

Si kwamba hukunifundisha kuchagua mti wa kutia tangini. Mti wenye utomvu haufai: msonobari nje, na ile kariaria ya kuzungushia ua, yenye maziwa, nje kabisa. Utafute mgumu, mkavu, uubandue ganda, uuchemshe, uuloweke hadi maji yaache kufanana na chai. Na kila mara ulimalizia: "Usiulize ni mti gani peke yake. Uliza umekunywa nini."

Nilichemsha. Nililoweka. Ganda nikaliacha kwa sababu lilipendeza. Kwenye mikunjo lilikuwa na madoa ya buluu, na mimi, mjinga wako, nikayaona urembo.

Nikakitia tangini jioni, na asubuhi Mama aliita, "Nekesa!" Sauti yake ilinitosha. Nilipofika alikuwa amesimama na chakula chao kiganjani, nao wanaelea ubavu ubavu.

Ile buluu ni dawa ya kahawa, Baba. Ile uliyoipulizia wewe, pampu mgongoni, msimu baada ya msimu. Koti lako lilikuwa na rangi hiyohiyo, Mama akilifulia kwenye karai la peke yake, na bado sikuitambua. Mimi, niliyesomeshwa na pampu hiyo!

Mama hakunigombeza. Angenigombeza ningepona haraka.

Ila si samaki tu wanaonisumbua. Wao hawakumaliza hata siku mbili. Wewe uliivuta dawa hiyo miaka yote na leso tu puani, halafu unakohoa mezani, nasi tunakusogezea maji na kuendelea na stori zetu. Daktari hakusema ni dawa, na sitamsemea. Lakini wewe ulijua kuuliza mti umekunywa nini, na mimi sikuwahi kukuuliza wewe. Naona aibu, Baba. Nisamehe.

Tangi nimelisugua, liko tupu. Mama akitaka wengine, nitatafuta mpera wa nyumbani usiojua dawa.

Kuna jambo jingine hukulikuta. Wafula, kitinda mimba wako, ameajiriwa kupulizia dawa kwenye shamba la maua huko Murera. Jumatatu nitaandamana naye hadi getini, nione wanampa nini cha kuvaa usoni. Akinicheka mbele ya wenzake, acheke.

Pumzika, Baba. Huyu nitamuuliza.

Binti yako,
Nekesa