Mlio wa Kuwatuliza Nyuki

London, Aprili 4, 1927

Baba mpendwa,

Natumai goti lako linakusikiliza siku hizi, na kwamba unakula chakula cha moto, si mkate na jibini ukiwa umesimama dirishani. Mimi sijambo, ila moshi wa huku umenipa kikohozi.

Kwenye kamusi ya Kiingereza tunayoiandika tumefika herufi T, na jana nilikabidhiwa kitenzi *tang*. Kalamu ilinishinda. Nilimwona Mama, Mungu amrehemu, akikimbia bustanini na sufuria ya jamu mkono mmoja na ufunguo wa mlango mkono wa pili, anapiga ili watue, huku kundi la nyuki wanaohama likizunguka juu ya kichwa chake. Sisi tukimzibia njia alikuwa akifoka, "Tokeni njiani, nawapigia tang nyuki wangu!"

Wasomi wanasema iko *tang* nyingine, ya ncha ya kisu inayozama kwenye mpini na ya ukali wa kitu ulimini. Hiyo ililetwa zamani na watu wa kaskazini waliovuka bahari. Hii ya Mama haikuletwa na mtu. Inaiga mlio wa chuma, basi. Bwana Tarrant, mkubwa wangu, anataka kuiwekea msalaba, ndiyo alama yetu ya neno lililokufa, kwa kuwa hajapata shahidi aliyeisikia mwaka huu. Amenipa mpaka mwisho wa Juni. Baba, bado yupo anayewapigia nyuki huko?

Binti yako,
Winifred

Wickenhope, Herefordshire, Aprili 20, 1927

Mwanangu Winifred,

Nimepokea salamu zako, na goti linakujibu kwamba halijambo kukiwa hakuna mvua. Kunywa asali na maji ya moto, uache kukohoa.

Hakuna anayepiga. Alikuwa mama yako peke yake, na sufuria iko pale pale alipoitundika. Bi Gwilliam wa jirani hanipi nafasi ya kupumua. Kila akiniona ni lile lile: "Jabez, nyuki wa Keziah hawajaambiwa. Watakususa, shauri yako." Unaijua mila yetu, nyumba ikifiwa lazima mtu aende agonge mizinga kwa ufunguo awape habari. Nimekwenda, Winnie. Nimesimama pale na ufunguo, nikarudi ndani. Nikishawaambia, itakuwa kweli.

Mwambie Bwana Tarrant aweke msalaba wake.

Baba yako

London, Juni 2, 1927

Baba mpendwa,

Mbona kimya? Nimeandika mara mbili bila jibu. Bi Gwilliam amenijulisha kwamba u mzima, ndipo nikalala.

Sikuandikii kukusukuma. Nataka tu ujue jambo linalonifanya niduwae hapa mezani. Maneno karibu yote ninayopewa yana ukoo. Nayafuata nyuma mpaka kwa watu walioyaazima kwa watu wengine. Hili nikilifuata nafika bustanini. Naona mtu ambaye jina lake hatutalijua kamwe amepiga chuma, amesikia, na mdomo wake ukarudia kile chuma kilichosema. Wengine wakapokea, wakapokezana, mpaka likafika kwa Mama. Baba, mtu huyo ananitetemesha. Sipendi lifie mikononi mwangu.

Binti yako,
Winifred

Wickenhope, Juni 20, 1927

Mwanangu,

Sina subira ya kuuliza hali leo, nitauliza mwishoni.

Jana baada ya kanisa mzinga wa mama yako ulitapika nyuki. Anga juu ya choo ikawa nyeusi, wakaanza kuvuka ukuta. Nilisimama nikiwatazama wakiniacha. Halafu nikajikuta nina sufuria mkononi, sijui niliitunguaje, na ufunguo, na nakimbia na goti hili. Nikapiga.

Winnie, ni sauti yake. Si mfano wake, ni yenyewe. Nilidhani imezikwa naye, kumbe ilikuwa imetundikwa ukutani kwangu tangu Januari.

Unajua anayepiga tang ana haki ya kufuata nyuki wake shamba la mtu yeyote, basi nikapita katikati ya kabichi za Bi Gwilliam. Badala ya kunitukana akatoka na kifuniko cha chungu, anapiga naye. Wakatoka na wengine, njia nzima ikawa inalia. Na nyuki wakashuka. Wote, taratibu, kwenye tawi la mtufaha wake, wakashikamana bonge moja linalovuma. Sote tukashusha vyuma. Mimi nikavua kofia.

Nikagonga lile tawi kwa ufunguo nikawaambia, "Keziah amefariki. Nimebaki mimi. Kaeni nami."

Nililia mbele za watu na sikuona haya. Jioni nikawahamishia kwenye mzinga mpya, na leo asubuhi walikuwa wanaingia na kutoka.

Mwambie mkubwa wako ana shahidi. Kikohozi je?

Baba yako

London, Juni 24, 1927

Baba mpendwa,

Kikohozi kimeisha. Barua yako nilimsomea Bwana Tarrant, akaipokea akaisoma tena mwenyewe, kisha akaufuta msalaba. Tumeandika: *kupiga chuma ili kundi lililo angani litue nyumbani, asili yake ni mlio wenyewe.* Chini yake kuna jina lako, kijiji na mwaka.

Nimeomba ruhusa. Jumamosi nashuka na treni ya mchana. Usije stesheni na hilo goti. Simama getini tu na sufuria, Baba, unipigie.

Binti yako,
Winnie