Posti Iliyomfikia Mama Akiwa Amesimama

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Muhula umeanza. Somo jipya leo: Mitandao ya Kijamii, Nadharia na Vitendo. Ukumbi umejaa mpaka wengine wamekaa dirishani. Mwalimu wetu, Madam Wamaitha, ameuliza nani yuko hapa kwa kupenda na nani ameletwa na ratiba. Mikono ya ratiba ilikuwa mingi! Mimi sikuinua mara zote mbili.

Kila wiki tutaweka posti moja ya mazoezi. Halafu kila mtu achague posti yake ya zamani iliyosafiri mbali zaidi, achore ramani: ilitoka kwa nani, ikafika kwa nani.

Kimberly, tunayekaa naye darasani, ametafuta ukurasa wangu kwa simu yake.

"Aki Chepchu, mwisho wako ni Februari? Picha ya ndama? Hii kazi utafanya na maombi!"

Nimecheka naye. Sikumwambia kwamba kuna moja ya Machi. Nimeificha, naiona mimi peke yangu.

Chini ya yule ndama bado kuna maneno ya Weldon, kaka yangu: "Huyu ni nani?" Aliandika hivyo chini ya kila picha niliyoweka. Hakuwa na utani mwingine.

Alhamisi, 18 Septemba

Nadharia ya leo: hatua mbili. Habari haimfikii kila mtu moja kwa moja. Inamfikia mtu wa kwanza, mwenye kufuatilia mambo. Huyo ndiye anaipeleka kwa wasio na redio, wasio na gazeti, wasio na mtandao. Madam alichora mishale. Wenzangu walipiga ubao picha. Mimi nilinakili kwa mkono.

Wacha niandike mara moja, nimalize.

Ijumaa tarehe 14 Machi Weldon alitoka shifti ya usiku Olkaria. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mabomba ya mvuke. Kulikuwa na ukungu, akaanguka na pikipiki. Hakufikisha saa nne asubuhi. Mjomba Kiptum ndiye alinipigia. Akasema, mama yenu haambiwi na simu. Yeye na mchungaji wanaenda nyumbani Kampi ya Moto. Watamkalisha kwanza, wamshike mkono, ndipo wamwambie. "Mpaka nikupigie tena, nyamaza." Nikasema, ndiyo, Mjomba.

Nilinyamaza kama dakika ishirini. Halafu chumba changu hapa Free Area kikawa kidogo. Sikuwa na mtu wa kumwambia. Nikaweka picha yake akiwa na helmeti ya kazi. Nikaandika: "Lala salama, kaka yangu."

Na nilimfikiria Mama — nilimfikiria! Nikasema, si Mama ana kabambe tu, simu ya vitufe. Huko kwa mtandao hayuko.

Jerry, mtoto wa Mama mdogo, akaiona. Akajua kama dada yake Weldon ameandika, basi nyumbani wameshaambiwa. Akaichukua picha na maneno, akapeleka kwa grupu ya kanisa. Mama Hiram, jirani yetu, akasoma. Akampigia Mama.

"Pole sana, mama Weldon."

"Pole ya nini?"

Mama alikuwa anapelekea ng'ombe maji. Aliipokea hiyo habari akiwa amesimama, ndoo mkononi. Mjomba na mchungaji walikuwa wamebakisha kona moja. Walisikia kilio kabla hawajafungua geti.

Niliificha posti siku hiyo hiyo. Walioiona kwangu hawajamtajia Mama. Yeye anajua ilitoka kwa Jerry. Mimi pia sijasema.

Hatua mbili. Kumbe kuna jina lake.

Jumanne, 23 Septemba

Posti ya kwanza ya mazoezi: chai, kwa kikombe cha Weldon kilichomeguka mdomo. Nilikibeba siku ya mazishi, sikuomba ruhusa. Yeye aliweka sukari kwanza, chai baadaye. Alisema ukiiweka mwisho, sukari inaogopa moto.

Watu kumi na wanne wameipenda. Nimekaa nikingoja mtu aulize huyu ni nani.

Jumamosi, 27 Septemba

Jerry amekuja, na gunia dogo la viazi kutoka kwao.

"Niaje, msomi?"

"Poa. Mbona umekonda?"

"Ni mapenzi, bana."

Koito yake ni tarehe 25 Oktoba. Wataenda Eldama Ravine, kwa kina Jemutai, kumposa rasmi. Mama ndiye mkubwa kwa kina mama upande wa Jerry. Asipokwenda, wenyeji watauliza yuko wapi, na jibu ni lipi? Jerry amekwenda kumwomba mara mbili. Mara ya kwanza hakufunguliwa mlango. Ya pili Mama aliendelea kupukuchua mahindi kama hakuna mtu, na Jerry amesimama hapo na kofia mkononi.

Nikamwambia amweleze Mama ukweli. Aseme aliitoa kwangu.

"Mimi niseme? Si ni yako?"

Jerry akachezea mdomo wa gunia.

"Mimi sisemi, Chepchumba. Mimi nina mathe, nina Jemutai. Mama mkubwa amebaki na wewe tu. Akikukasirikia, Krismasi atakula na nani?" Halafu, kwa sababu nilikuwa nimeanza kulia: "Lakini hiyo siri si ya bure. Harusini unaniletea friji. Ya milango miwili!"

Miezi sita amepitwa bila salamu kwa ajili yangu. Na mimi nilikuwa nasema tu kwamba Jerry ni mtu mpole.

Jumatano, 8 Oktoba

Madam ameniita ofisini. Alikuwa na ramani yangu mezani. Akasema nimeandika vizuri, haswa pale kwa jirani. Kisha akaweka kalamu kwenye mshale wa kwanza. Unatoka kwa Mtu A kwenda kwa grupu ya kanisa.

"Mtu A aliipata wapi?"

Nikasema sijui.

"Lakini si hii ni posti yako?"

Nikaangalia viatu. Usiku mzima nilichora ramani ile, nikapanga watu wote, na mimi mwenyewe nikajiacha nje. Hata sikugundua! Au niligundua.

Madam akavua miwani. Akasema niirudishe baada ya sikukuu ya Mashujaa, ikiwa na mwanzo.

Kimberly alikuwa ananingoja nje.

"Amekukata maksi?"

"Hapana."

"Sasa unalia nini na hujakatwa? Mimi nimepata nane kwa ishirini na niko hapa nakula smokie."

Akanikatia nusu. Ndiyo chakula nimekula leo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Nyumbani. Mama ameniuliza kama chuoni wananilisha. Tukamenya viazi pamoja. Nilifungua mdomo niseme, naye akaanza habari za ng'ombe aliyeumia mguu. Nikasikiliza mpaka mwisho. Nikauliza na maswali. Mwoga mimi.

Jumapili, 19 Oktoba

Zimebaki siku sita.

Asubuhi Jerry alikuwa amesimama kwa geti la kanisa, na suti. "Chamgei, Mama mkubwa." Mama akampita kama anapita nguzo. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Mama. Jerry akanikonyeza, eti hakuna neno. Ibada yote sikusikia.

Baada ya chakula Mama akasema, "Hebu nionyeshe hizo picha zenu za shule. Mama Hiram anasema umeanika ng'ombe wangu huko bila kuniuliza."

Nikamwambia ngoja nitafute netiwaki. Inashika nyuma ya zizi tu. Nikasimama huko, nikaifungua ile ya Machi, kila mtu aione. Kidole kimoja. Sekunde moja. Miezi saba nilikuwa naona ni kazi kubwa.

Nikampa simu. Nikamwonyesha kusukuma juu na kidole. Nikasema nakuja, naweka chai.

Sasa niko jikoni na daftari hili. Mlango uko wazi. Mama yuko kando ya tangi la maji, kwa kivuli. Anasoma na midomo, kama Biblia.

Amefika kwa ng'ombe. Anacheka! "Mbona kwa simu amenona hivi?"

Amepita soko la Jumamosi. Amepita mvua ya Free Area. Zimebaki mbili.

Kikombe. "Chepchumba! Hiki si ndicho natafuta tangu Machi?" Nimesema ndiyo, Mama. Hajakasirika. Ameisogeza simu karibu na macho, kisha ananiuliza mbona Weldon hajaandika "Huyu ni nani", utani wake aliokuwa akimsimulia. Amejijibu mwenyewe, polepole. Sikusikia alivyojijibu.

Baada ya kikombe ni ile.

Chai inachemka. Nimeweka sukari kwa vikombe kwanza. Na ndiyo sasa naona nimefanya nini. Nimeiachia simu imwambie tena. Amesimama tena. Mkono wake hakuna aliyeushika. Na mimi nimejificha chumbani kama siku ile, nimebadilisha chumba tu.

Hacheki. Kidole kimesimama. Midomo inasoma, inarudi mwanzo, inasoma. Sasa anaangalia jina lililo juu ya picha.

"Chepchumba."

"Naam, Mama."

"Leta kiti."

Sauti haijapanda wala kushuka. Nabeba viwili —