Mizizi Juu ya Meza ya Daktari

Mtumba, Dodoma

Shangazi Zaitun,

Shikamoo. Huku vumbi limetukalia kooni, ila mbaazi ulizotuletea kutoka Busi bado tunazila.

Mama aliruhusiwa kutoka hospitalini jana, na fizi hazitoki damu tena. Daktari anasema dawa yako ya kuchemsha ilizidisha nguvu ya vidonge vyake vya kuzuia damu kuganda. Tungechelewa siku mbili, tungempoteza.

Shangazi, siku ile daktari alipouliza kama mama anatumia miti shamba, mimi ndiye niliyejibu haraka, "Hapana." Niliona haya. Wewe ukafungua fundo la kanga, ukapanga mizizi mezani, ukasema, "Nimempa hii, mwanangu. Andika." Marehemu bibi alikuapisha usiitaje kwa mtu. Hata mumeo hajui majina yake. Ukayataja yote, moja moja, ukisubiri kalamu ya daktari.

Jana daktari aliniuliza yule mama wa mizizi alikuwa nani. Nikajibu kwa sauti, wauguzi wote wasikie, kwamba ni shangazi yangu, mganga wa Busi.

Mama anakuulizia kila saa. Njoo.

Mwanao,
Halfani